Homa si risiti ya chanjo

"Nesi, mbona mtoto hajachemka? Ile sindano ilikuwa nzima kweli?"

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na baba aliyetaka mwanawe achomwe upya. Kosa la mtoto ni kwamba alilala usiku mzima, akaamka, akanyonya vizuri na kucheka. Mtoto hana neno, mzazi hana raha. Naandika ili niwe na kitu cha kuwaonyesha watakaouliza kesho.

Imani yenyewe ni hii: mtoto akipata homa, chanjo "imeshika", asipopata, basi kachomwa maji, au dawa imekwisha muda, au nesi kapunja dozi. Si kweli hata kidogo, na inaumiza watoto kwa namna nitakayoieleza.

Angalia kwanza mpangilio wa saa. Homa ya penta, ile sindano moja inayokinga magonjwa matano, huanza ndani ya saa 24, mara nyingi jioni ya siku ileile. Chembe nyeupe za damu zinakutana na chanjo pale pajani, zinamwaga kemikali, kemikali zinafika kwenye ubongo, na ubongo unaamuru joto lipande. Basi. Kingamwili, ambazo ndizo unazozitaka, usiku huo hazijaanza hata kutengenezwa. Huchukua wiki moja hadi mbili kuonekana kwenye damu, na kwa penta dozi ya kwanza peke yake haimkingi mtoto vya kutosha, ndiyo maana tunakupa tarehe ya kurudi. Homa ya usiku wa kwanza itathibitishaje kazi ambayo haijaanza?

Halafu tazama chanjo ya homa ya ini B inapotolewa peke yake. Wanaopata homa ni wachache mno, kati ya 1 na 6 katika kila 100. Watoto wanaojenga kinga baada ya kumaliza dozi zote ni zaidi ya 95 katika kila 100. Kama homa ndiyo ingekuwa kipimo, chanjo hii tungeshaitupa zamani. Penta ina sifa ya kuchemsha kwa sababu ndani yake kuna chanjo ya kifaduro iliyotengenezwa kwa bakteria mzima aliyeuawa. Hiyo huleta homa kwa hadi nusu ya watoto. Penye chanjo ya kifaduro iliyotengenezwa kwa vipande tu vya bakteria, homa ni chache zaidi. Kwa hiyo joto linakueleza kilichomo kwenye kichupa zaidi ya linavyokueleza habari za kinga ya mwanao.

Na ukitaka kujua kama chanjo ni nzima, omba uonyeshwe kichupa. Vichupa vingi vina alama ya duara yenye mraba mdogo ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaharibiwa na joto. Ukifanana na duara au kuwa mweusi zaidi, haitumiki. Alama hiyo haionyeshi kuganda, na penta iliyoganda imeharibika, ila paja bado linaweza kuvimba kwa chanjo hiyohiyo. Uvimbe nao si ushahidi. Mzazi anayeomba kuona kichupa hanikeri. Natamani wote wangeomba.

Sasa nije kwenye linalonikera hasa. Mzazi akishaamini kwamba homa ni dalili njema, anaiacha. Siku ya pili, ya tatu, ya nne, mtoto anawaka moto na nyumba nzima inasema "ni homa ya chanjo". Homa ya penta haikai siku nne! Huisha ndani ya siku moja au mbili. Homa iliyoanza siku ya tatu, au iliyopita saa 48, ni homa ya kitu kingine mpaka ichunguzwe: masikio, mkojo, mapafu, damu. Watoto wachanga huugua mara kwa mara, wachanjwe wasichanjwe, na ratiba ya chanjo imejaa miezi hiyohiyo wanayougua. Maambukizi kuangukia wiki ya sindano ni jambo la kawaida kabisa.

Surua ina saa yake, na hapa hata baadhi ya wahudumu huchanganya. Ile ni chanjo ya virusi hai waliodhoofishwa. Lazima kwanza wazaliane kidogo. Homa yake huja kati ya siku ya 7 na ya 12, na mtoto mmoja kati ya 20 hivi hutoka vipele vyepesi. Homa ya usiku uleule si ya surua; labda ni ya sindano nyingine aliyopewa siku hiyo. BCG, chanjo ya kifua kikuu, ndiyo inayochelewa kuliko zote. Wiki mbili hadi nne begani hakuna la kutisha, kisha kinatokea kipele chekundu, kinalainika, kinatoa majimaji au usaha kidogo, kinafanya gamba, gamba linadondoka, linabaki kovu. Miezi miwili mitatu yote hiyo. Usikikamue, usikipake kitu, usikifunge. Na asiyepata kovu? Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi mwaka 2018 kwamba kukosa kovu hakumaanishi kukosa kinga, na mtoto hachanjwi tena.

Kinundu kigumu pajani, ukikipapasa kama harage chini ya ngozi, kinaweza kukaa wiki kadhaa. Usikikande. Kikikua, kikipata moto au kuanza kuuma zaidi, njoo.

Parasetamoli. Hapa sitajifanya kuwa jibu ni moja. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa Jamhuri ya Czech: watoto waliopewa parasetamoli mapema ili kuzuia homa walikuwa na kingamwili chache zaidi kwa baadhi ya chanjo, ingawa wengi bado walifikia kiwango cha kinga. Tukaanza kuwaambia wazazi wasubiri homa kwanza. Kisha mwaka 2015 Uingereza ikaingiza chanjo ya meningokoki B, bakteria anayeleta homa ya uti wa mgongo, kwa watoto wachanga, na wazazi wa huko wakaelekezwa kutoa parasetamoli hata kabla ya homa, kwa kuwa chanjo hiyo inachemsha sana na dawa haikuonekana kuiharibu. Msimamo wangu: bila chanjo hiyo, mpe mtoto mwenye homa inayomsumbua, si mtoto anayecheka. Hatujui pia kwa nini pacha mmoja anafika nyuzi 38.7 na mwenzake anabaki 36.8 kwa kichupa kimoja. Vitabu huruka hapo.

Kipimo ndicho kinachoninyima usingizi. Ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si mapema kuliko saa 4 baada ya dozi iliyopita, na si zaidi ya mara 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 5: katika sharubati ya miligramu 120 kwa mililita 5, ni mililita 2 hadi 3. Katika matone ya miligramu 100 kwa mililita 1, ni nusu mililita hadi robo tatu. Ukimpa kijiko kizima (mililita 5) cha matone hayo umempa miligramu 500, na unahatarisha ini lake. Soma chupa. Aliye chini ya miezi 3, uliza kwanza kipimo chake. Aspirini usimpe kabisa. Mvue nguo nzito, mnyonyeshe mara nyingi, usimmwagie maji baridi.

Mlete mara moja akishindwa kunyonya, akilegea au kuwa mgumu kuamka, akipata degedege, akipumua kwa shida, akilia saa 3 mfululizo bila kubembelezeka, au homa ikifika nyuzi 39. Baada ya matone ya rota, chanjo ya kuhara inayotolewa mdomoni, kilio cha vipindi pamoja na kutapika au damu kwenye choo si cha kusubiri kesho. Mzio mkali ni nadra sana, karibu mmoja kwa dozi milioni, na huja ndani ya dakika chache. Ndiyo sababu tunakuomba ukae kwanza kwenye benchi.

Na tarehe ya dozi ya pili ishike, awe alichemka au hakuchemka. Akichemka mara hii, si lazima achemke tena. Ila kama alipata degedege au alilegea, tuambie kabla hatujafungua kichupa.