Mwanamke Mweusi Alinganishwe na Nani?

Kesi ya ubaguzi kazini, ukiifuata hadi mwisho, ni kesi ya ulinganisho. Ukidai umebaguliwa utaulizwa: umebaguliwa ukilinganishwa na nani? Ni nani mwenye kazi kama yako na sifa kama zako aliyetendewa vizuri kuliko wewe? Nimeshughulika na sheria za ajira muda wa kutosha kujua kwamba swali hilo huamua mashauri mengi hata kabla shahidi wa kwanza hajaapa. Na kwa miaka mingi mwanamke mweusi alipoulizwa swali hilo mahakamani, hakuachiwa jibu. Alitakiwa achague: wewe ni mweusi, au wewe ni mwanamke?

Ninapofundisha somo hili huanza na kesi ya St. Louis, Missouri, nchini Marekani. Wanawake watano weusi, jina la Emma DeGraffenreid likiwa la kwanza kwenye hati ya madai, waliishtaki kampuni ya General Motors. Kabla ya mwaka 1964, mwaka ilipopitishwa Sheria ya Haki za Kiraia iliyokataza ubaguzi kazini, kampuni hiyo haikuwa ikiajiri wanawake weusi. Walipokuja kuajiriwa, majina yao yakakaa mkiani mwa orodha ya ukongwe kazini. Uchumi ulipoyumba katikati ya miaka ya 1970, watu wakapunguzwa kwa kanuni ambayo hata huku kwetu waajiri huitumia mara kwa mara: aliyeingia mwisho ndiye anayetoka kwanza. Wanawake weusi wote walioajiriwa baada ya 1970 wakapoteza kazi.

Kanuni hiyo haitaji rangi wala jinsia. Inasoma tarehe ya kuajiriwa, basi. Lakini tarehe zenyewe zilitoka wapi? Mtu aliyezuiwa mlangoni miaka yote ile hawezi kuwa na tarehe ya zamani. Ubaguzi wa jana ulikwisha kuandikwa ndani ya orodha, na orodha ikaendelea kuufanyia kazi bila meneja yeyote kuhitaji kumchukia mtu.

Mwaka 1976 mahakama ilitoa uamuzi ambao kila ninapousoma unanikera upya. Kuhusu jinsia, ilisema kampuni ilikuwa ikiajiri wanawake tangu kabla ya 1964, kwa hiyo madai ya ubaguzi wa kijinsia hayasimami. Wanawake hao walikuwa wazungu. Kuhusu rangi, iliwashauri walalamikaji wajiunge na kesi nyingine ya ubaguzi wa rangi iliyokuwa imekwisha kufunguliwa dhidi ya kampuni hiyohiyo. Wao walikuwa wakieleza jambo lililowapata kama wanawake weusi, jambo ambalo halikumpata mwanamke mzungu wala mwanamume mweusi kwa namna ileile. Hakimu akaona kwamba kuwakubali kungekuwa kutunga kundi jipya la watu wa kulindwa, na kwamba ukianza kuchanganya makundi hivyo, hesabu ya michanganyiko haitakuwa na mwisho. Mahakama ya rufaa mwaka uliofuata haikuikumbatia hoja hiyo ya hakimu, lakini haikuwarudishia wanawake wale walichopoteza.

Mtaalamu wa sheria Kimberlé Crenshaw aliichambua kesi hii mwaka 1989, na uchambuzi wake umefundishwa duniani kote. Ninachotaka msomaji akione ni namna jambo lenyewe linavyotendeka kazini. Chukua mahali pa kazi ambapo kazi za wanawake ni za mapokezi na ukarani, na kazi za watu weusi ni za mitambo na mizigo. Ukienda mapokezi unakuta wanawake, wote wazungu, kwa kuwa mwajiri hataki sura nyeusi mbele ya wateja. Ukienda kwenye mitambo unakuta weusi, wote wanaume, kwa kuwa mwajiri anaamini mitambo si ya wanawake. Mfumo dume umefunga mlango mmoja na ubaguzi wa rangi umefunga mwingine. Mwanamke mweusi amebaki nje ya yote miwili, ilhali kampuni inaweza kusimama mahakamani na kuonyesha, kwa takwimu za kweli, kwamba imeajiri wanawake na imeajiri weusi.

Ndiyo maana siridhiki na maneno "ubaguzi maradufu" yanayopendwa kwenye semina. Yanamfanya mtu afikiri kuna mizigo miwili, ukitua mmoja unabaki na mwingine. Mahali pale pa kazi, mlango ambao ubaguzi wa rangi uliwaachia weusi ulikuwa wa kazi za kiume, na mlango ambao mfumo dume uliwaachia wanawake ulikuwa wa wazungu. Kila ubaguzi ulikuwa ukiukamilisha mwingine.

Kuna kesi nyingine ambayo wanafunzi wangu wa kike huielewa bila maelezo marefu. Renee Rogers alikuwa mfanyakazi wa American Airlines uwanja wa ndege, kazi ya kukutana na abiria. Kampuni ilikataza nywele zilizosukwa kichwa kizima; yeye alisuka za mistari, ukoo mmoja na twende kilioni yetu. Mwaka 1981 mahakama ya New York ilisema katazo lile ni la watu wote, na kwamba msuko si kitu cha kuzaliwa nacho. Ikaongeza kwamba mtindo huo ulikuwa umepata umaarufu kwa sababu ya mwigizaji mzungu, Bo Derek. Kampuni ilikuwa imempa njia: afunge nywele zake na kuzifunika kwa nywele za bandia awapo kazini. Aliposema zinamsababishia maumivu makali ya kichwa, hakimu aliandika kuwa basi yaelekea anahitaji za bandia kubwa zaidi.

Soma hapo tena. Mwanamume mweusi hakutarajiwa kusuka kichwa chote, na mwanamke mzungu hakuhitaji kusuka ili nywele zake zikae. Katazo la "wote" lilimwangukia mtu mmoja tu, na mtu huyo akaambiwa maumivu ya kichwa chake ni suala la kipimo. Jimbo la California ndilo lililotangulia kutunga sheria ya kulinda mitindo hiyo ya nywele, mwaka 2019.

Uingereza nayo iliandika kifungu cha ubaguzi wa sababu mbili kwa pamoja, kifungu cha 14 cha Sheria ya Usawa ya 2010, kisha serikali ikakiacha bila kukianzisha.

Hukumu ninayoipenda inatoka Afrika Kusini. Maria Mahlangu alikuwa mfanyakazi wa ndani kwa familia moja huko Pretoria kwa miaka 22. Uwezo wake wa kuona ulikuwa hafifu, na hakujua kuogelea. Machi 2012, akiwa kazini, alitumbukia kwenye bwawa la kuogelea la mwajiri akafa maji. Binti yake, aliyekuwa akimtegemea, alipokwenda kudai fidia aliambiwa hana haki nayo: sheria ya fidia ya 1993 ilikuwa imewaondoa wafanyakazi wa ndani katika tafsiri ya mfanyakazi. Angeanguka kiwandani, familia ingelipwa. Alikufa nyumbani kwa mtu.

Hapa tena sheria haikutaja rangi wala jinsia. Lakini Mahakama ya Katiba, Novemba 2020, haikuishia kwenye maneno ya kifungu. Iliuliza ni akina nani hasa waliosimama jikoni na kwenye mabwawa hayo, na jibu lilikuwa wazi: kwa wingi wao ni wanawake weusi, ambao ukaburu uliwafungia kazi nyingine, na ambao kazi yao ilidharauliwa kwa sababu ni ya nyumbani na inafanywa na wanawake. Mahakama ikavitazama vyote kwa pamoja, rangi, jinsia na umaskini, ikakitangaza kifungu kile kuwa batili kuanzia tarehe 27 Aprili 1994. Tarehe hiyo ina uzito. Maana yake ni kwamba familia za waliofia kazini tangu kuanza kwa demokrasia nazo zilifunguliwa njia ya kudai.

Huku kwetu Tanzania, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinaorodhesha sababu za ubaguzi zilizokatazwa: rangi, utaifa, kabila, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na nyinginezo. Wengi tunaisoma kama orodha ya kuchagua moja. Mteja anakuja, wakili anatafuta neno moja la kuandika, na nusu ya alichosimuliwa inaachwa nje ya faili. Siku hizi ninapoandika madai ya mwanamke aliyekosa kupandishwa cheo kwenye kampuni ambayo wageni wa kizungu wako juu, wanaume wa nyumbani katikati na wanawake wa nyumbani chini, siandiki aya moja ya asili yake na nyingine ya jinsia. Naandika aya moja, naambatanisha orodha nzima ya vyeo na wanaovishika, kisha naomba mwajiri aeleze kwa nini hakuna hata mmoja kama yeye juu ya ngazi ile.