Neno linalozaa imani: tunamaanisha nini hasa?

Jumapili asubuhi ukikutana na mtu wa Mwanza kavaa shati lililonyooshwa, Biblia kwapani, ukamuuliza aendako, mara nyingi hatasema anakwenda kanisani. Atakuambia, "Naenda kusali." Ng'ambo ya ziwa, kwa Waganda, jambo hilohilo linaitwa okusoma, yaani kusoma. Wakristo wa mwanzo kule Buganda waliitwa abasomi, wasomaji, na jina likakaa. Alexander Mackay, fundi mitambo wa Scotland aliyekuja kama mmisionari, aliwafundisha watu herufi na kuwachapia kurasa za Maandiko. Alipofukuzwa mwaka 1887 alihamia Usambiro, upande wetu huu wa kusini mwa ziwa, akaendelea kutafsiri na kuchapa mpaka mauti yalipomkuta hukohuko Februari 1890.

Nalipenda jina hilo la wasomaji kwa sababu limebeba dhana ninayotaka kuieleza. Waliowapa watu hao jina waliona kitu kwa macho: mtu anaingia kujifunza kusoma, baada ya muda anatoka na Mungu mwingine. Si wote, bila shaka. Wapo waliofuata herufi, wakazipata, wakaenda zao. Lakini waliobaki walibaki kwa sababu ya yale waliyoyasoma.

Dhana yenyewe ni hii. Wakristo wanasema Maandiko hayatoi habari za imani tu. Yanaizaa imani kwa mtu asiyekuwa nayo, na yakishaizaa yanailea. Wachungaji wanazungumzia "uwezo wa Neno", na katika madarasa ya kipaimara utasikia Neno likihesabiwa miongoni mwa "njia za neema", yaani vitu ambavyo Mungu anavitumia kumfikia mtu. Mstari unaotajwa kuliko yote ni Warumi 10:17: "Basi imani, chanzo chake ni kusikia, na kusikia huja kwa neno la Kristo." Paulo hakusema chanzo chake ni kufikiri sana, wala kujitahidi, wala kurithi kwa baba. Amesema kusikia.

Sasa, maneno yanawezaje kuzaa kitu? Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, na nadhani ni kwa sababu tunayachukulia maneno yote kama tangazo la redio: yanatoa taarifa, ukipenda unayachukua, usipopenda unazima. Lakini yapo maneno ya namna nyingine. Chukua kijana aliyepanga chumba Nyegezi, anasoma chuo. Ada haijalipwa, mtihani ni wiki ijayo, orodha ya wasioruhusiwa kuingia chumba cha mtihani imeshabandikwa na jina lake limo. Usiku hapati usingizi. Saa nne mjomba wake anapiga simu kutoka Sengerema: "Mpwa wangu, ada nimeshalipa. Soma, usiwe na wasiwasi." Kijana hajaona risiti. Hajaona chochote. Lakini bega linashuka, pumzi inatoka, na usiku huo analala.

Hebu tazama kilichotokea. Je, kijana alijikamua mpaka akapata imani? Hapana. Simu ndiyo iliyoileta. Kabla ya yale maneno hakuwa na la kuamini, na baada ya maneno imani ilikuwa imeshaingia, hata angeulizwa imeingia dakika gani asingejua. Halafu usiku huohuo simu yake inapokea ujumbe mwingine: "Ile pesa tuma kwenye namba hii." Sote tunaujua. Maneno yapo, tena ya Kiswahili safi, lakini hayazai kitu zaidi ya msonyo, kwa sababu msemaji hana uso. Nguvu ya neno inatoka kwa anayelisema na kwa kile anachokuwa amekifanya.

Ndiyo maana Mkristo haishii kusema Biblia ni kitabu kizuri. Anadai kwamba ndani yake Mungu mwenyewe anazungumza, na kwamba yule aliyesema "Iwe nuru" katika Mwanzo, ikawa, hajabadilisha namna yake ya kusema. Kwake, kusema na kutenda havitengani. Paulo anaunganisha mambo hayo mawili waziwazi katika 2 Wakorintho 4:6: Mungu aliyeamuru nuru ing'ae toka gizani ndiye aliyeng'aa mioyoni mwetu. Isaya naye anatoa mfano wa mvua na theluji, kwamba vikishuka havirudi mbinguni bila kuinywesha ardhi na kuichipuza, "ndivyo litakavyokuwa neno langu". Theluji tuwaachie watu wa Moshi waitazame kwa mbali. Mvua tunaijua, hasa ile ya kwanza baada ya kiangazi, mkulima wa Magu akiwa amesimama mlangoni bila kusema kitu.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, uko majini. Luka sura ya 5. Ukiusoma mwaloni Kirumba mbele ya wavuvi, wanaucheka kabla hujamaliza, na wana haki. Seremala wa Nazareti anamwambia mvuvi mzoefu atweke mpaka kilindini na kushusha nyavu mchana, baada ya usiku mzima wa kutoka kapa. Wavuvi wetu wa dagaa wanakwenda ziwani usiku wa giza, wakitegemea taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika, kwa sababu dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Kila uvuvi una saa yake, na mtu wa nchi kavu hakufundishi saa hiyo. Petro anajibu kama mvuvi yeyote: "Bwana mkubwa, tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu, lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu."

Kwa neno lako. Petro hakuwa na sababu nyingine hata moja. Uzoefu ulikataa, mwili ulichoka, nyavu zilikuwa zimeshaoshwa. Na kuna jambo dogo ambalo wasomaji wengi wanalipita: kabla ya amri ile, Yesu alikuwa amekaa ndani ya chombo cha Petro akiwafundisha makutano waliokuwa ufukoni. Petro alikuwa anasikia. Huenda mawazo yake yalikuwa nyumbani kitandani, lakini masikio yalikuwepo. Amri ilipokuja ilikuta kitu ambacho mafundisho yalikuwa yameshakipanda. Kwa hiyo ukiniuliza imani ya Petro siku ile ilitoka wapi, sitakuonyesha samaki. Samaki walikuja baadaye.

Kanisa limekuwa na namna mbalimbali za kulieleza jambo hili. Martin Luther alilisema kwa ucheshi katika mahubiri ya Machi 1522 kule Wittenberg: yeye alihubiri, akafundisha, akaandika Neno la Mungu, zaidi ya hapo hakufanya kitu, na alipokuwa amelala, au akinywa bia na rafiki zake Philip na Amsdorf, Neno lilikuwa likifanya kazi yote. (Kaka zetu walokole wasikwazwe na bia, hoja ni usingizi.) Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, ambayo watoto wa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, wanaikariri mpaka leo, anasema kwamba mtu hawezi kwa akili wala kwa nguvu zake kumwamini Kristo, ni Roho Mtakatifu anayemwita kwa Injili. Wakatoliki nao, kwenye Mtaguso wa Pili wa Vatikano, walitoa hati ya Dei Verbum mwaka 1965, inayosema Neno la Mungu ni tegemeo la Kanisa na nguvu ya imani kwa watoto wake. Ndiyo sababu Mkatoliki akizungumzia misa utamsikia akitaja meza ya Neno na meza ya Ekaristi, maana anaamini analishwa pande zote mbili.

Tofauti zao ziko kwenye maelezo ya ndani. Walutheri wanasisitiza kwamba nguvu imo ndani ya Neno lenyewe, kwa kuwa Roho hatengani nalo. Warekebishi wanaomfuata Calvin wanapenda kusema Roho anafanya kazi pamoja na Neno, akishuhudia ndani ya moyo kwamba haya ni ya Mungu kweli. Wakatoliki wanakumbusha kwamba Neno linasomwa ndani ya Kanisa, halizururi peke yake. Ukikaa nao kwenye chai baada ya msiba hutawasikia wakibishana sana juu ya hili.

Kinachonisumbua zaidi ni namna dhana hii inavyopotoshwa mitaani. Kwa kuwa tunasema Neno lina nguvu, mtu anachukua Biblia anaiweka chini ya mto wa mtoto anayelia usiku, wala haifungui. Mwingine ameandika Zaburi kwenye ubavu wa mtumbwi, na mstari uliobaki hajawahi kuusoma. Sina ugomvi na rangi ya mtumbwi, ila tukiwa wakweli hapo Biblia imegeuzwa hirizi yenye jalada jeusi. Nguvu tunayoizungumzia ni ya maneno yanayosikika na kueleweka, ahadi inayomfikia mtu. Karatasi haina kitu. Wale wana saba wa Skewa katika Matendo 19 walilitumia jina la Yesu kama dawa ya kienyeji, pepo akawauliza wao ni akina nani, wakatoka mbio uchi na majeraha.

Upotoshaji wa pili umevaa suti. Ni ule wa kusema kwamba mstari ni funguo: uutamke mara kadhaa kwa sauti, "ukiri", na gari litakuja. Wahubiri wa namna hii wanapenda kutenganisha logos na rhema, wakisema la kwanza ni neno lililoandikwa tu na la pili ndilo neno hai unaloshushiwa wewe binafsi, kwa kawaida kupitia wao. Kigiriki hakiwasaidii. Petro, katika waraka wake wa kwanza sura ya kwanza, anatumia logos katika mstari wa 23, anaposema tumezaliwa mara ya pili kwa neno la Mungu, na mistari miwili mbele anatumia rhema kwa jambo lilelile, kisha anamalizia kwamba neno hilo ndilo lililohubiriwa kwenu. Kwake ni neno moja. Tena ni neno linalomzaa mtu, na aliyezaliwa hakuwahi kumwamuru mama yake.

Kuna swali la haki kabisa: kama lina nguvu hivyo, mbona watu wawili wanakaa benchi moja, wanasikia mahubiri mamoja, mmoja anaamini na mwingine anaangalia saa? Yesu alilijibu kwa mfano wa mpanzi, akiwa tena ndani ya chombo, watu wamesimama pwani. Mbegu ni ileile, udongo ndio tofauti: njia, mwamba, miiba, udongo mzuri. Jibu hilo halimalizi maswali yote, na sidhani lilikusudiwa kuyamaliza. Linachokataza ni kuilaumu mbegu. Na katika Marko 4 kuna mfano mwingine mfupi unaowafariji wainjilisti: mtu anamwaga mbegu, analala na kuamka, nayo inamea na kukua "asivyojua yeye".

Nimesema Neno linaizaa imani na kuilea. Kulea huko ndiko tunakokusahau. Watu wanadhani ukishaamini mwaka fulani, kwenye mkutano fulani wa injili, umemaliza. Imani si dagaa, kwamba ukishaianika juani inakaa kwenye gunia mpaka mnunuzi atoke Kongo. Inafanana zaidi na ugali: wa jana ulikushibisha jana. Ndiyo maana waumini wanasoma sura ileile waliyoisoma mwaka jana, na wanasikia zaburi ileile kwenye kila msiba, hawaoni haya. Hawatafuti habari mpya. Wanarudi kwenye simu ya mjomba kuisikiliza tena, kwa sababu wasiwasi nao hurudi.

Lugha pia ina sehemu yake hapa. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ilitoka 1952, na Wasukuma wakapata Biblia nzima kwa lugha yao mwaka 1960. Mtu anaweza kuelewa mahubiri kwa lugha ya kujifunza, lakini siku ya kulia hulia kwa lugha aliyoisikia muda mrefu zaidi.

Nililiona hilo kwenye msiba wa jirani yetu pale Igogo. Usiku wa pili wa matanga, mwinjilisti alifungua Yohana 14 na kuanza, "Msifadhaike mioyoni mwenu, mnamwamini Mungu, niaminini na mimi." Umeme ukakatika. Giza tupu, watoto wakapiga kelele, mwinjilisti akanyamaza kwa kuwa haoni kitu. Kutoka pembeni, kwenye mkeka wa kina mama, ikasikika sauti ya bibi wa marehemu, mwanamke ambaye hajui kusoma hata jina lake: "Nyumbani mwa Baba yangu mna makao mengi, kama sivyo, ningaliwaambia." Akaendelea polepole, hakuna aliyemkatiza. Tochi ya simu ilipopatikana na mwinjilisti akaukuta mstari wake, bibi alikuwa ameshafika pale Tomaso anaposema hawajui Bwana aendako.