Mshirika, kwa maana ile nyingine

Ukilitamka neno mshirika hapa Mbeya, kila mtu analisikia kwa sikio lake. Mmoraviani atakuuliza ni mshirika wa kanisa gani. Mkulima wa Mbozi atafikiria ushirika, magunia ya kahawa na malipo yanayochelewa. Mtu wa ofisini ataona washirika wa maendeleo, wale wanaokuja na gari jeupe kukata utepe. Ulimi ukiteleza kidogo tu umeshaingia kwenye ushirikina, na huko hatuendi leo.

Ipo maana ya nne, changa kuliko hizo. Katika harakati za haki za watu wanaojumuishwa chini ya herufi LGBTQ, yaani wasagaji, mashoga, wanaopenda jinsia zote mbili, waliobadili jinsia na wengine wanaojikuta nje ya mstari uliochorwa, mshirika ni mtu ambaye si mmoja wao lakini yuko upande wao. Anaweza kuwa dada wa mtu, mwalimu, mchungaji au dereva wa bajaji. Maelezo ya kawaida huishia hapo, nami naona ndipo yanapopwaya. Kuwa upande wa fulani ni jambo rahisi mno. Mimi niko upande wa Mbeya City mwaka mzima na sijui tiketi ya uwanja wa Sokoine siku hizi inauzwaje.

Kwa hiyo naazima maana kwa mkulima wa Mbozi. Mwanaushirika ana hisa. Bei ikipanda anapata, ikianguka naye anaumia, na hawezi kusema kwamba msimu huu alikuwa mpenzi wa kahawa tu.

Niliiona hisa ya namna hiyo ikinunuliwa mchana mmoja wa Julai pale Mwanjelwa, kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chai na chapati. Baridi ilikuwa ile ya kushika kikombe kwa mikono miwili. Akapita kijana mwenye beseni la maparachichi, mwendo wake laini, sauti yake nyembamba, na mmoja wetu akamrushia neno. Silirudii. Benchi zima likacheka. Nami nikacheka, tena bila kuchekeshwa. Nilicheka kwa kuwa wenzangu wamecheka. Kijana akaongeza mwendo. Mama wa chai hakutuhutubia. Aliita, "Mwanangu, hebu rudi, nichagulie manne ya kula leo," akamsogezea kigoda, akammiminia chai. Kisha akatugeukia: "Na nyie kina baba, mkimaliza naomba vikombe vyangu." Tukamaliza, tukainuka. Wiki nzima baada ya hapo alitungiwa majina kijiweni, na wateja wake wawili wakahamia benchi la jirani.

Hakuna aliyejua yule kijana ni nani au anampenda nani. Mama naye hakuuliza, na sidhani kama alikuwa na habari ya zile herufi tano. Alichokijua ni kwamba mtoto wa mtu anapita na riziki yake kichwani.

Akina mama wana sehemu kubwa katika historia ya jambo hili. Mwaka 1972 huko New York, kijana mwanaharakati aitwaye Morty Manford alipigwa mbele ya polisi walioangalia bila kuingilia. Mama yake, Jeanne Manford, mwalimu wa shule ya msingi, aliliandikia gazeti la New York Post kwamba ana mtoto shoga na anampenda. Juni mwaka huohuo akatembea naye kwenye maandamano, mkononi ana bango lililowataka wazazi wa mashoga waungane kuwasimamia watoto wao. Vijana walimkimbilia njiani wakilia, wakimwomba akaongee na wazazi wao. Machi 1973 kikao cha kwanza cha wazazi kilifanyika katika kanisa moja la Kimethodisti, kikapata watu kama 20. Ndicho kilichozaa PFLAG, chama cha wazazi, ndugu na marafiki wa watu hawa, ambacho leo kina matawi sehemu nyingi za Marekani.

Vikundi vya mashuleni vilikuja baadaye. Kimojawapo cha mwanzo kilianza mwaka 1988 katika shule ya Concord Academy, jimbo la Massachusetts, chini ya mwalimu wa historia aitwaye Kevin Jennings. Msichana aliyemwendea mwalimu akitaka kikundi hicho hakuwa msagaji. Mama yake ndiye aliyekuwa, na binti alikuwa amechoka kusikia mama yake akisemwa. Ndiyo maana jina la vikundi hivyo lilibeba pande mbili tangu mwanzo, mashoga na wasio mashoga pamoja. Mara nyingi mshirika huwa na mtu wake nyumbani, ila hamtaji.

Mtu asiyewahi kukanyaga kwenye mikusanyiko ya vijana hawa hudhani ni bendera za upinde wa mvua na kelele za muziki. Sehemu kubwa ni mambo ya kawaida mpaka yanachosha. Watu wanakunywa chai, wanacheza karata, mmoja anatafuta chumba cha bei nafuu, mwingine amefeli hesabu na anataka wa kumwelekeza. Kijana aliyefukuzwa nyumbani hapotezi kitanda peke yake. Anapoteza sinia: wale watu ambao alikuwa ananawa nao mikono, anaokula nao, anaotaniana nao bila kuogopa. Kikao kinajaribu kumrudishia hilo, na mshirika aliyekaa pale akimenya ndizi anamwambia kwa vitendo kwamba dunia ya wengine haijamfungia mlango wote.

Wanyakyusa wana neno linalokaribia sana, ukwangala: raha ya kukaa na wenzako, kuzungumza, kula pamoja, kufundwa adabu na watu wa rika lako. Monica Wilson na mumewe Godfrey, watafiti waliokaa Rungwe miaka ya 1930, walikuta wavulana wa umri wa miaka kumi au zaidi kidogo wakihama nyumba za baba zao na kujenga vijumba vyao pamoja, kijiji cha rika moja. Chakula walikuwa bado wanakula kwa mama zao, lakini kwa kundi: leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Vijiji hivyo havipo tena. Sitadai kwamba wazee wa Rungwe walikuwa wanaharakati, wangenishangaa. Ninachosema ni kwamba wazo la kijana kukamilishwa na kundi linalomkaribisha kula halikushuka na ndege.

Sasa sheria, maana bila hiyo nitakuwa naeleza mambo ya nchi nyingine. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinaita kosa tendo la kuingiliana "kinyume cha maumbile", na adhabu yake ni kifungo cha maisha, au kwa uchache miaka 30. Kinachotajwa pale ni tendo; urafiki, ushauri na kumpa mtu chai havimo. Hata hivyo Oktoba 2017 polisi wa Dar es Salaam waliwakamata watu 13 waliokuwa kwenye kikao cha mawakili na wanaharakati, wakiwemo mawakili kutoka Afrika Kusini, ambao baadaye walifukuzwa nchini. Ukivuka Kasumulu kuingia Malawi, nako tendo hilo ni kosa. Ukivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, kosa hilo liliondolewa kwenye sheria za jinai mwaka 2015. Na mwaka 2014 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikikutana Luanda, ilipitisha azimio namba 275 la kuzitaka nchi zizuie ukatili dhidi ya mtu kwa sababu ya anayempenda au jinsia anayojitambua nayo, iwe ni kweli au anadhaniwa tu.

Kwa hiyo mshirika wa Mbeya hawezi kufanana na wa New York, na asijaribu. Kule Jeanne Manford alibeba bango. Hapa kazi ya kwanza ni kuchunga mdomo. Nimewahi kuona mtu mwenye nia njema kabisa akiharibu: aliambiwa siri na binti wa jirani, akafurahi kuaminiwa, akamsimulia mkewe, mke akamwomba dada yake amwombee yule binti kwenye maombi ya Jumatano. Kufika Ijumaa mtaa mzima umejua. Hakuna aliyekusudia ubaya katika mnyororo ule, na binti alihama Mbeya kabla ya mwezi kuisha. Siri ya mwenzio si yako kuigawa, hata kwa anayesali.

Ndipo mafunzo yanapohitajika, na hapa watu huchanganya mambo. Mafunzo ya uanaharakati hayafundishi mtu kupiga kelele. Yanafundisha mwili na ulimi vifanye nini siku mambo yamechacha. Mfano ninaoupenda ni wa Nashville, Marekani, katika harakati za watu weusi. James Lawson, aliyekuwa akisomea uchungaji, aliwafundisha wanafunzi kwenye chumba cha chini cha kanisa kwa kuigiza: hawa wanakaa kama wateja mgahawani, wale wanawatukana na kuwasukuma, mpaka anayekaa azoee kutorudisha ngumi. Februari 1960 wakaenda kukaa kweli kwenye migahawa ya wazungu. Mei mwaka huohuo migahawa kadhaa ikafungua milango.

Tanzania tunaita igizo dhima. Nilihudhuria mara moja, siku moja, chumba cha kupanga, tumevaa majaketi, chupa ya chai katikati na bango kitita limeegemezwa ukutani. Mwezeshaji alikuwa dada wa makamo asiyecheka ovyo. Akatupa tukio: mko msibani, mnakula, baba mdogo anaanza kumsema kijana wa ukoo "anayejifanya mwanamke", na kijana yupo palepale. Unafanyaje?

Kila mmoja alisimama akatoa hotuba. Katiba, haki za binadamu, Biblia. Mimi niliongeza na sayansi. Dada akatusikiliza, akasema, "Baba mdogo ameshakasirika, na kijana sasa anaangaliwa na msiba mzima. Nipeni sentensi moja." Tukahangaika karibu saa nzima kwa sentensi moja. Aliyepatia alikuwa kijana mkimya wa Uyole: "Baba mdogo, huyo ni mtoto wetu, tule." Hakuna jipya ndani yake, lakini "wetu" ile inamrudisha mtu kwenye ukoo, na "tule" inampa mzee njia ya kutokea bila aibu.

Si lazima hata useme. Unaweza kubadilisha mada, ukamwomba mzee akusimulie marehemu alivyokuwa. Unaweza kumfuata shangazi ambaye baba mdogo anamsikiliza. Ukishindwa yote, mtafute kijana baadaye umwambie ulisikia na hukupendezwa. Hili la mwisho tunalidharau, na ndilo ambalo ningeweza kulifanya Mwanjelwa na sikulifanya.

Kwa wanaopenda kuona hisa kubwa, yupo A. Philip Randolph, kiongozi wa wafanyakazi weusi wa Marekani. Mwaka 1963 maandamano ya Washington ya kudai haki za watu weusi yalihitaji mratibu, na aliyeijua kazi kuliko wote alikuwa Bayard Rustin, shoga aliyewahi kukamatwa kwa ajili hiyo miaka kumi kabla. Baadhi ya viongozi waliona atawachafulia. Randolph, mzee wa zaidi ya miaka 70, akakubali kuwa kiongozi kwa sharti kwamba atamteua msaidizi wake mwenyewe, akamteua Rustin. Wiki mbili kabla ya siku, seneta Strom Thurmond alisimama bungeni kumchafua Rustin mbele ya taifa, na Randolph akatangaza hadharani kwamba anamwamini. Agosti 28 watu kama 250,000 walifika, na mabasi, maji na vyoo vilikuwa vimepangwa na Rustin. Jina la Randolph lingeweza kuzama siku ile pamoja na la mwenzake, naye alilijua hilo alipokuwa anasema.

Nirudi kwenye chumba chetu. Semina yoyote ya Tanzania ina karatasi ya mahudhurio: jina, simu, sahihi, ndipo upate nauli. Pale haikuwepo. Mzee mmoja aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake alihangaika kweli, akauliza mara mbili asaini wapi. Dada alimwekea nauli mkononi, akamfunga vidole, akamwambia, "Shikamoo babu, umeshasaini." Jioni, wakati sisi tunapanga viti, alichana kurasa zote za bango kitita, zile zenye sentensi zetu mbovu na ile moja nzuri, akazikunja ndogo ndogo na kuzitia jikoni chini ya birika. Nikamuuliza kwa nini asitunze hata ile ya kijana wa Uyole. Akasema mwandiko unajulikana, akakoleza mkaa, akatuuliza nani bado hajapata chai.