Nyota Haisafishwi: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Unajimu wa Kisaikolojia

Katika miji ya Nakuru na Kisumu, nguzo za umeme na kuta za vituo vya matatu zimebandikwa matangazo ya watu wanaoahidi kusafisha nyota, kumrudisha mpenzi aliyeondoka na kumpatia kazi aliyeikosa. Ndiyo maana mtu anaposikia kwamba kuna wanaoutumia unajimu kama njia ya kujitafakari, anayemjia akilini kwanza ni mganga, na baada yake ile safu ya nyota gazetini. Unajimu wa kisaikolojia si hiki wala si kile, ingawa una undugu na vyote viwili. Kwa kuwa vijana wengi siku hizi huchora ramani zao za kuzaliwa kwa simu bila mtu wa kuwaelekeza, ni vyema dhana zinazouzunguka zipimwe, zile za wanaoupinga na zile za wanaoushabikia pia.

Dhana iliyoota mizizi kuliko zote ni kwamba nyota ya mtu ni mali aliyopewa, inayoweza kuchafuliwa na jirani mwenye kijicho, kuibwa na mwenzake wa kazini, au kufifia hadi isafishwe kwa malipo. Kinachosomwa katika unajimu wa kisaikolojia ni ramani ya kuzaliwa, yaani mchoro unaoonyesha Jua, Mwezi na sayari zilikuwa upande gani wa anga kwa saa uliyozaliwa, zikitazamwa kutoka mahali ulipozaliwa. Nafasi hizo hupatikana kwa hesabu za kawaida za elimu ya anga, na watoto wawili waliozaliwa dakika moja katika wodi moja watakuwa na mchoro uleule, hata kama mmoja ni wa waziri na mwingine ni wa mchuuzi wa samaki. Hakuna anayeweza kuuiba mchoro huo, wala hauna uchafu wa kuondolewa. Anayekudai fedha ili akufungulie nyota anakuuzia kitu kingine kabisa, na kwa kuwa wateja wake wengi ni watu walio katika dhiki, mimi nauona huo kuwa ukatili.

Wapo wasioamini habari za kusafisha lakini wanaodhani kwamba kazi ya ramani ni kutabiri: utaolewa lini, utasafiri lini, mtihani utaupita au la. Kwa karne nyingi unajimu ulifanya hivyo kweli, na wengi wangali wanaufanyia kazi hiyo. Mkondo wa kisaikolojia ulichipuka pale baadhi ya wanajimu walipoanza kuachana na matukio na kuitazama tabia. Alan Leo, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1860, alishtakiwa London kwa kupiga ramli mwaka 1914, na kesi hiyo ikatupwa. Aliposhtakiwa tena mwaka 1917 alijitetea kwamba alichosoma ni mielekeo ya mtu tu, lakini akatozwa faini ya pauni 5 pamoja na gharama, na mwezi uliofuata akafariki. Baada yake Dane Rudhyar, mzaliwa wa Paris aliyehamia Marekani, alichapisha mwaka 1936 kitabu kilichounganisha unajimu na saikolojia ya Carl Gustav Jung, daktari wa akili wa Uswisi, akiichukulia ramani kuwa picha ya namna nafsi inavyoweza kukomaa. Mwaka 1983 Liz Greene na Howard Sasportas walianzisha London kituo cha kuufundisha mkondo huu. Anayekuambia leo kwamba ramani yako inaonyesha ajali mwezi Agosti hajafuata njia ya hawa.

Dhana inayonisumbua zaidi hutoka kwa mashabiki wenyewe, nayo ni kwamba sayansi imeuthibitisha unajimu, au kwamba Jung aliuthibitisha. Ni kweli kwamba Jung alivutiwa nao; mwezi Juni 1911 alimwandikia Sigmund Freud, mwasisi wa tiba ya uchanganuzi wa nafsi, kwamba jioni zake nyingi zilikuwa zikiishia katika hesabu za ramani za nyota. Ni kweli pia kwamba aliufanyia jaribio. Alikusanya ramani za watu waliooana ili aone kama Jua na Mwezi vya wanandoa hukutana jinsi mapokeo yanavyodai. Kundi la kwanza, ndoa 180, lilitoa matokeo ya kusisimua. Ndoa zilipoongezwa hadi zikafika 483, msisimko ule uliyeyuka ukabaki kuwa jambo la bahati nasibu, na Jung mwenyewe, katika maandishi yake ya mwaka 1952, alikubali kwamba takwimu zake hazikuwa uthibitisho wa unajimu. Nalitaja hili kwa kirefu kwa sababu kuna wachumba wanaoachana kwa hoja kwamba mwenye nyota ya Nge na mwenye nyota ya Simba hawawezi kuishi nyumba moja. Hoja hiyo haina msingi wowote, na yeyote anayeisukuma mbele kwa jina la Jung hajamsoma hadi mwisho.

Majaribio mengine hayakuwa na huruma zaidi. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini kwamba yameandikwa kwa ajili yake peke yake, kumbe wote walipewa maneno yaleyale, mengi yakiwa yametolewa katika kitabu cha unajimu. Walipoulizwa maelezo hayo yanawafaa kiasi gani, kutoka 0 hadi 5, wastani ulikuwa 4.26. Mwaka 1985 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha jaribio la Shawn Carlson, ambamo wanajimu walipewa ramani ya mtu pamoja na matokeo ya vipimo vya tabia vya watu watatu, wakatakiwa kuonyesha ni yapi yaliyokuwa ya mwenye ramani. Walipatia takriban mara moja katika kila tatu, sawa kabisa na mtu anayechagua akiwa amefumba macho.

Mtu mwaminifu hawezi kuyaruka matokeo haya. Lazima akubali kwamba ukipewa ramani ya mtu mwingine ukaambiwa ni yako, huenda ukajiona humo vilevile. Kama ni hivyo, faida iko wapi? Iko katika jibu unalolitoa. Chukua mtu ambaye katika mchoro wake Zuhura, alama ya mapenzi na ya vile mtu anavyovithamini, imekabiliana na Zohali, alama ya mipaka, hofu na wajibu. Msomaji makini hatamwambia kwamba atachelewa kuoa. Atamuuliza: ni lini ulianza kuamini kwamba kupendwa ni lazima kulipiwe? Mtu huyo akikaa kimya, kisha akaanza kueleza jinsi nyumbani kwao sifa zilivyotolewa siku ya ripoti ya shule pekee, jambo la maana limetokea, nalo limetoka katika kumbukumbu zake mwenyewe. Ramani haikujua lolote kumhusu. Ilichofanya ni kuleta swali ambalo pengine asingejiuliza, tena kwa lugha ya taswira inayomruhusu kuitazama hofu yake kwa umbali kidogo kabla ya kuikiri kuwa ni yake. Swali hilohilo lingeweza kumgusa mtu ambaye Zuhura na Zohali hazihusiani kabisa katika mchoro wake, na kulikiri hilo hakuipunguzii kazi hii heshima.

Ndiyo maana naona hakuna haja ya kubuni nguvu za siri. Husemwa mara kwa mara kwamba ikiwa Mwezi huvuta maji ya bahari, basi sayari nazo hutuvuta sisi. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa kuwa Mwezi huyavuta maji yote bila kujali yalizaliwa lini, na mvuto wa Zohali kwa mtoto mchanga ni mdogo mno kuweza kumwumba tabia. Katika eneo letu tunaujua uhusiano wa aina nyingine kati ya mtu na saa yake ya kuzaliwa. Akoth alizaliwa mvua ikinyesha, Otieno usiku, Kipkoech kunapopambazuka, Wekesa wakati wa mavuno. Hakuna mzee anayedai kwamba mvua ndiyo iliyompa Akoth hasira au upole, lakini Akoth anaweza kulibeba jina hilo maisha yake yote na kulipa maana yake mwenyewe. Ramani ya kuzaliwa, ikisomwa kisaikolojia, inastahili kushikwa kwa namna hiyo.

Kuna suala la majira ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha katika sehemu zetu. Wakosoaji husema kwamba buruji, yaani zile alama kumi na mbili kama Kondoo, Simba na Nge, zimehama, kwamba kwa sababu mhimili wa dunia huyumba katika mzunguko wa karibu miaka 26,000, Jua mwishoni mwa Machi haliko tena mbele ya kundi la nyota la Kondoo. Wako sahihi kuhusu anga, ila unajimu wa Magharibi, tangu enzi za mwanaanga Ptolemy wa Alexandria katika karne ya 2, huzihesabu buruji kuanzia siku ya mlingano wa usiku na mchana mwezi Machi, wala hauzihesabu kwa makundi ya nyota yenyewe. Ugumu halisi kwetu uko kwingine. Maana za buruji zilifumwa na watu waliouona mwezi Machi ukileta majira ya kuchipua baada ya baridi kali, na Desemba ukileta giza refu. Nakuru na Kisumu ziko chini ya nusu digrii kutoka ikweta. Machi hapa Jua la adhuhuri hupita utosini na wakulima husubiri masika wapande. Desemba ni mwanzo wa kiangazi, si giza. Mashuke, buruji ya Agosti na Septemba, ilihusishwa na mavuno, lakini wakati huo mahindi ya nyanda za juu za Nakuru yangali shambani. Anayesoma ramani yake hapa na kumeza maana za Ulaya bila kutafuna anajitafakari kwa hali ya hewa ya watu wengine. Mimi ningemshauri azijaribu maana hizo mbele ya majira anayoyaishi, na pale zinapokataa kuingia aziache.

Kuhusu wale wanaosema, “Mimi ni Simba, ndivyo nilivyo,” maneno machache yatatosha. Safu za magazeti za nyota zilipata umaarufu baada ya mnajimu R. H. Naylor kuandika katika gazeti la Uingereza la Sunday Express mwaka 1930 kuhusu kuzaliwa kwa binti wa kifalme Margaret, nazo huitumia buruji ya Jua pekee. Ramani kamili ina pia Mwezi, sayari nyingine, nyumba kumi na mbili (yaani sehemu za mchoro zinazowakilisha nyanja za maisha), na buruji iliyokuwa ikichomoza mashariki, ambayo hapa ikweta hubadilika takriban kila baada ya saa mbili. Kwa hiyo mama akikuambia ulizaliwa saa mbili asubuhi, programu ya simu inapaswa kuandikiwa 8:00, si 2:00. Kosa hilo la saa sita huisogeza buruji inayochomoza kwa hatua tatu nzima. Hata ukipata kila kitu sawasawa, “ndivyo nilivyo” ni namna ya kukwepa swali, na hasa inapotumiwa kutetea wivu au matusi ndani ya nyumba.

Zohali nayo imeonewa. Huogopwa kama sayari ya mikosi, na vijana husimuliana kwa hofu juu ya kurudi kwake mahali ilipokuwa mtu alipozaliwa, kwa kuwa huchukua takriban miaka 29 na nusu kulizunguka Jua. Karibu kila mtu hufika umri huo, kwa hiyo hilo haliwezi kuwa onyo lililoandikwa kwa ajili yako. Ni umri ambao kijana wa Siaya huulizwa ni lini atatoka katika simba yake, yaani nyumba ya kijana ambaye hajaoa, na kujenga boma lake, na binti wa Nakuru huulizwa habari za ndoa kila anaporudi nyumbani. Greene, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu sayari hii, aliisoma kama mahali ambapo maumivu humfundisha mtu kujijua. Binafsi nauona usomaji huo kuwa na manufaa, mradi mtu asiusubiri msiba kwa tarehe.

Hatimaye, hakuna ramani inayotibu sonona. Anayekosa usingizi kwa wiki kadhaa, au anayefikiria kujidhuru, anahitaji daktari au mshauri nasaha aliyesajiliwa kwa mujibu wa sheria ya Kenya ya mwaka 2014 inayosimamia taaluma hiyo, na mnajimu mwaminifu atamwelekeza huko siku hiyohiyo. Na muumini ambaye kanisa au msikiti wake unakataza unajimu wa kila namna, kama Katekisimu ya Kanisa Katoliki inavyofanya, halazimiki kudhani kwamba amefungiwa mlango. Swali la Zuhura na Zohali anaweza kuulizwa na padri, na shangazi au na rafiki wa kweli, nalo litamfaa kwa kadiri atakavyolijibu kwa ukweli.