DNA ya kale: ni nini, na imesema nini kuhusu miji ya Waswahili

DNA ya kale ni mabaki ya vinasaba yanayotolewa kwenye mifupa, meno au nywele za viumbe waliokufa zamani, kisha yakasomwa maabara na kulinganishwa na vinasaba vya watu wengine, wazima na wafu. Hiyo "zamani" haina kiwango: yaweza kuwa miaka 300, yaweza kuwa malaki ya miaka. Elimu hii ilianza miaka ya 1980, ikapata heshima yake kubwa mwaka 2022, pale Svante Pääbo alipopewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kusoma vinasaba vya Neanderthal, binadamu wa jamii nyingine waliokwisha kutoweka. Kwa Afrika ilichelewa. Jenomu kamili ya kwanza (yaani vinasaba vyote vya mtu mmoja) ya Mwafrika wa kale ilichapishwa mwaka 2015: ni ya mtu aliyeishi miaka 4,500 hivi iliyopita, akazikwa katika pango la Mota huko Ethiopia. Sababu mojawapo ya kuchelewa ni joto letu.

Mtu akifa, DNA yake huanza kukatikakatika. Vijidudu vinaila, maji yanaivunja, na joto linachochea yote mawili. Uzi uliokuwa na herufi karibu bilioni 3 (ndivyo zinavyoitwa chembe nne za kemikali zinazounda DNA: A, C, G na T) hubaki vipande ambavyo vingi havifiki hata herufi 100, mithili ya kitabu kilicholiwa na mchwa zikasalia chembe za maneno. Tena sehemu kubwa ya DNA inayotoka kwenye mfupa wa kale si ya marehemu kabisa, ni ya bakteria wa udongoni. Ndiyo maana watafiti hukimbilia mfupa mmoja mdogo, ule unaozunguka sikio la ndani. Ni mgumu kupita mifupa mingine, na ugumu wake huihifadhi DNA hata pwani, penye joto na unyevu. Mfupa hutobolewa, na unga wake ndio unaofanyiwa kazi. Anayetoboa huvaa glovu, barakoa na vazi la kufunika mwili mzima, kwa kuwa tone la mate yake linatosha kuifunika DNA chache iliyosalia.

Cha kupendeza ni kwamba uchakavu wenyewe unageuka ushahidi. Herufi C iliyo kwenye ncha ya kipande huharibika taratibu, hata mashine ikaisoma kuwa T. DNA mpya haina alama hiyo. Kwa hiyo mtafiti akikuta T zimejaa kwenye ncha za vipande, anajua anamsoma marehemu kweli, hamsomi fundi wa maabara.

Sasa tuje kwetu. Machi 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti ulioongozwa na Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia mzaliwa wa Kenya aliyeko Chuo Kikuu cha South Florida, na David Reich wa Harvard, wakiwa pamoja na Esther Brielle, Jeffrey Fleisher wa Chuo Kikuu cha Rice, Stephanie Wynne-Jones wa Chuo Kikuu cha York na wenzao wengi. Walisoma DNA ya watu 80. Wengi walizikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800: Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Waliobaki walikuwa wa Makwasinyi, bara, katika eneo la Taita.

Walichokikuta ni asili mbili ndani ya mwili mmoja. Kwa wengi wa watu wa mijini, zaidi ya nusu ya vinasaba ilikuwa ya Afrika; iliyosalia ilikuwa ya Asia, na kwa baadhi yao ya Asia ndiyo iliyozidi. Katika hiyo ya Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitoka Uajemi, na sehemu ndogo Bara Hindi.

Lakini asilimia peke yake haielezi watu walikutanaje. Hapo ndipo vinasaba vya aina mbili vinapofaa. Kuna DNA ya mitokondria, ambayo kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, huipata kwa mama yake tu, na mama naye kwa mama yake, hivyo hivyo kwenda juu. Kuna pia kromosomu Y, ambayo baba humpa mwanawe wa kiume. Ukisoma ya kwanza unafuata ukoo wa kikeni. Ukisoma ya pili unafuata ukoo wa kiumeni. Kwa wale watu wa Mtwapa na Kilwa, upande wa akina mama ulikuwa karibu wote Afrika, na kwa akina baba ulielekea zaidi Uajemi. Kwa maneno mengine, waliokuja walikuwa wanaume, wakaoa hapa hapa.

Wakati wa kukutana nao unapimika. Mtoto wa wazazi wa asili mbili hurithi vipande virefu vya kila upande. Kila kizazi kinachofuata vipande hivyo hukatwa na kuchanganywa upya, vikazidi kuwa vifupi. Ukijua urefu wake, unahesabu vizazi kurudi nyuma. Hesabu hiyo ilifika karibu na mwaka 1000, wakati ule ule Uislamu ulipokuwa unaenea katika miji ya pwani. Tena uchanganyiko haukuanzia mahali pamoja ukasambaa. Waafrika wa upande wa Mtwapa walikuwa na asili ya Kibantu pamoja na ya wafugaji wa kale, na wa Kilwa walikuwa wa asili ya Kibantu. Baada ya mwaka 1500 hivi, asili ya Kiarabu ndiyo inayozidi kuonekana mahali pa ile ya Uajemi.

Kwa msomaji wa historia yetu, hapo moyo hushtuka. Tarihi ya Kilwa, simulizi kongwe kuliko zote walizoacha watu wa pwani wenyewe kuhusu asili yao, inasimulia habari za masultani waliotoka Shirazi, mji wa Uajemi, na wa kwanza wao, Ali bin al-Hasan. Kwa miongo mingi wasomi wengi waliiona kama hadithi ya watawala kujitafutia nasaba ya kifahari. Mimi nafurahi kwamba maneno ya wazee yamesikilizwa tena kwa uzito yanaostahili. Hata hivyo, DNA haijamthibitisha Ali bin al-Hasan, wala merikebu zake, wala kwamba alikuja kutawala. Imethibitisha kwamba wanaume wa asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika, na kwamba wazao wao walizikwa kwa heshima.

Na hapa pana kosa ambalo nimeliona likirudiwa sana tangu utafiti huu utoke: kusema kwamba "sasa imejulikana Uswahili uliletwa na Waajemi". Vinasaba vinaeleza nani alizaa na nani. Havielezi nani alijenga mji, wala watu waliongea lugha gani. Kwa hayo inabidi urudi kwa wanaakiolojia na wanaisimu. Akiolojia imeonyesha kwamba miaka mia mbili na zaidi kabla ya uchanganyiko huo, pwani ilikwisha kuwa na vijiji vya wavuvi, wakulima na wafanyabiashara waliotumia vyungu vya mtindo mmoja na wenzao wa bara. Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimbua mabaki ya msikiti wa miti wa karne ya 8. Nayo lugha ni ya Kibantu katika sarufi yake na msamiati wake wa msingi. Watoto wa hao mabwana wa Uajemi waliongea lugha ya mama zao, na waliendelea kuiongea.

Jambo hili lina uzito kwa sababu nasaba huku kwetu imewahi kuwa siasa. Jina la Shirazi lilibebwa na chama kizima Zanzibar, Afro-Shirazi, kilichoundwa mwaka 1957. Wakoloni nao walipenda kusema kwamba majumba ya mawe hayangeweza kujengwa na Waafrika. Anayetafuta katika vinasaba kibali cha kumwita mwenzake mgeni hatakipata humo.

Pia lazima uulize ni nani waliosomwa. Mengi ya makaburi hayo yalikuwa karibu na misikiti, ya watu wenye uwezo na jina. Mvuvi, mtumwa, mwanamke aliyeuza samaki sokoni, hao wamezikwa kwingine na hatujawasikia. Hata watu wa pwani wa leo hawatoki moja kwa moja kwa hao wa enzi za kati: watafiti walipowalinganisha na watu wa pwani walio hai, walikuta kwamba kukutana na Waafrika na Waasia wengine, karne zilizofuata, kumebadilisha tena mizani.

Makaburi yana wenyewe, na Kusimba aliomba ridhaa ya jamii za huko kabla ya kuyagusa. Mifupa ilirudishwa ardhini ikazikwa tena. Katika sehemu mojawapo kazi ya kuchimba, kuchukua sampuli na kuzika tena ilimalizwa ndani ya msimu mmoja.