Alkaliniti ya puli ni nini, na kwa nini pH yako haikai

Unapima pH leo iko poa, kesho imeruka, unamwaga dawa, kesho kutwa imeruka tena. Hapo mara nyingi shida si pH, ni alkaliniti, na ndio kitu wenye puli za kuogelea wengi hata hawapimi.

pH inakuonyesha tu maji yako wapi saa hii, kwenye asidi ama kwenye magadi. Puli inataka 7.2 hadi 7.8. Ikishuka sana, grauti ya vigae inalika na hita inaanza kutu, ikipanda klorini inazembea, yaani kwenye pH 8 ile yenye nguvu ya kuua vijidudu haifiki hata theluthi, sa maji yanageuka kijani na wewe unalaumu aliyekuuzia klorini.

Alkaliniti nayo ni kiasi cha vitu, hasa baikaboneti, vilivyoyeyuka kwenye maji vikingoja kumeza asidi yoyote inayoingia. Ni kama shokabu za gari, barabara ina mashimo lakini wewe hurushwi. Lenga 80 hadi 120 ppm, yaani sehemu kwa milioni. Ikiwa chini, mvua moja kubwa ya Aprili ama vile vidonge vya klorini vinatosha kuangusha pH. Ikiwa juu, pH inapanda yenyewe kila wiki na hutaki kujua bili ya asidi.

Na Nairobi inategemea sana maji yametoka wapi. Ya mfereji mengi ni ya bwawa la Ndakaini, maji laini, alkaliniti yake huwa chini. Ya kisima kirefu yamejaa baikaboneti, alafu yakifika juu gesi ya kaboni dioksidi inatoka na pH inapanda bila mtu kugusa kitu. Kama unanunua bauza, muulize dereva amejaza wapi, usione aibu.

Kurekebisha, anza na alkaliniti, pH baadaye. Iko chini? Weka baikaboneti ya soda, ile ya kuoka, puli ya lita 50,000 inataka kama gramu 850 kupandisha 10 ppm. Usichanganye na soda ash, ile inayotoka Ziwa Magadi, hiyo inarusha pH juu haraka sana. Iko juu? Tia asidi kidogo kidogo pampu ikizunguka mpaka pH ifike kama 7.1, alafu elekeza jeti, yale matundu yanayorudisha maji kwenye puli, juu maji yarukeruke yapate hewa, pH itapanda pole pole lakini alkaliniti itabaki chini, sa rudia mpaka ufike. Inachosha, lakini njia ya mkato hakuna, labda umwage nusu ya maji ujaze mengine.

Asidi inaingia kwenye maji, usiwahi kumwaga maji kwenye asidi. Na usiiweke stoo moja na klorini, zikikutana zinatoa gesi ya sumu.