Swachi na paleti: jinsi programu ya picha inavyokumbuka rangi

Fundi cherehani akiishiwa uzi hamtumi mtoto dukani na maneno "niletee wa bluu". Anakata pembe ya kitambaa, anampa aende nayo, na mwenye duka anailinganisha na nyuzi zilizopangwa kwenye rafu. Pembe ile ya kitambaa ndiyo swachi. Neno lenyewe lilitumika kwa vipande vya mfano vya nguo zamani sana, kabla kompyuta hazijafikiriwa, na ndani ya kompyuta kazi yake haijabadilika: kuiwakilisha rangi pale ambapo maneno hayatoshi.

Katika programu kama GIMP, Krita au Photoshop, swachi ni kiboksi kidogo kilichohifadhi rangi moja. Ukikibofya, brashi inachovya rangi hiyo. Paleti ni kundi la viboksi vya namna hiyo lenye jina lake: paleti ya nembo ya duka, ya kadi za mchango wa harusi, ya katuni unayoichora kila wiki. Jina hilo limeazimwa kutoka kwa wachoraji, wanaochanganyia rangi zao kwenye kibao kinachoshikwa mkononi.

Haja yake inatokana na wingi. Skrini ya kawaida hutengeneza rangi kwa kuchanganya nyekundu, kijani na bluu, kila moja ikiwa na ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Zidisha ngazi hizo zenyewe kwa zenyewe mara tatu, unapata rangi 16,777,216. Hakuna jicho la kukumbuka kesho njano ipi hasa ulitumia leo. Swachi hukumbuka, kwa sababu inachotunza ni nambari.

Ukitaka kuziona nambari hizo kwa macho, fungua faili la paleti la GIMP, lenye kiambishi .gpl, kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi matupu. Hili ni faili kamili:

GIMP Palette
Name: Bendera ya Tanzania
Columns: 4
#
30 181 58 Kijani
252 209 22 Njano
0 0 0 Nyeusi
0 163 221 Bluu

Ni hayo tu. Kila mstari ulio chini ya alama ya # ni swachi moja: nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, bluu kiasi gani, kisha jina. (Nambari hizi ni zile zinazotumika sana kwenye michoro ya bendera hiyo mtandaoni.) Njano hiyo hiyo ikiandikwa kwa mtindo wa kurasa za wavuti inakuwa #FCD116, ni hesabu ile ile iliyovaa nguo nyingine. Unaweza kuliandika faili hili mwenyewe, ukaliweka kwenye folda ya paleti, na GIMP italisoma. Inkscape na Krita nazo zinalisoma. Mimi huona raha ya pekee katika jambo hili: kazi ya rangi kwa miaka mingi inakaa kwenye faili dogo kuliko picha moja ya simu.

Sasa tuje kwenye kosa linalowaumiza wengi, nami likiwa limeniuma. Nilikuwa nimemaliza kadi ya harusi, kisha kamati ikabadili sare kutoka zambarau kwenda kijani cha mgomba. Nikaenda kwenye paleti, nikaibadili swachi ya zambarau ikawa kijani, nikarudi kwenye kadi nikitabasamu. Kadi ilikuwa zambarau vile vile.

Sababu ni kwamba katika picha ya pikseli, yaani iliyoundwa kwa vidoti vidogo vidogo vya rangi, ukishapaka, rangi imeingia kwenye pikseli na haina tena undugu na kiboksi ilikotoka. Ukibadili rangi iliyomo koponi, ukuta uliokauka jana hauna habari. Swachi itaongoza mipako ijayo, basi.

Kuna mahali pawili ambapo undugu huo upo kweli. Pa kwanza ni programu za michoro ya mistari: Illustrator ina aina ya swachi inayofungamana na kila umbo lililoitumia, na ukiihariri mara moja, maumbo yote yanafuata. Pa pili ni picha zenye jedwali la rangi, kama za GIF, mtindo uliotoka mwaka 1987. Humo kila pikseli haibebi rangi. Inabeba namba ya kiti kwenye paleti isiyozidi viti 256. Badili rangi ya kiti namba 7, na kila pikseli iliyoandikwa 7 inageuka papo hapo. Kwa hiyo kabla ya kuhariri swachi, jiulize kwanza uko kwenye picha ya aina gani.

Namna ya kuipata rangi nayo ina mitego yake. Wengi huinyonya kutoka kwenye nembo iliyotumwa kwa WhatsApp. Picha hiyo imebanwa kwa JPEG, na mbano huo huchafua rangi kidogo kidogo, hasa pembezoni mwa herufi; ukibofya hapa unapata bluu moja, ukisogea kidogo unapata binamu yake. Nyonya katikati ya eneo pana, na uweke kifaa cha kunyonyea kichukue wastani wa pikseli kadhaa. Afadhali zaidi umwombe mwenye nembo nambari zenyewe. GIMP pia inaweza kuunda paleti nzima kutoka kwenye picha, lakini punguza idadi ya rangi, la sivyo utapewa kapu la binamu. Na paleti zilizokuja na programu hazikubali kuhaririwa, kwa hiyo tengeneza nakala kwanza.

Kuhusu majina nina msimamo: swachi iitwe kwa kazi yake. "Bluu 3" haitakwambia lolote baada ya miezi sita, lakini "kichwa cha tangazo" itakwambia. Tano au sita zinatosha kwa nembo ya duka.

Wanaotumia programu za Adobe watakutana na faili za .aco, ambazo ni za Photoshop, na .ase, inayohama kati ya Photoshop, Illustrator na InDesign. Weka nakala ya nambari pembeni pia, kwa maandishi. Mwaka 2022 Adobe iliondoa sehemu kubwa ya maktaba za rangi za Pantone, kampuni inayotoa rangi sanifu za kuchapia, kwenye programu zake, na baadhi ya watu walifungua kazi zao za zamani wakakuta nyeusi mahali pa rangi walizozijua.

Limebaki suala la kuchapa. Skrini inatoa mwanga, mashine inaweka wino, na kuna rangi ambazo wino haufiki: kijani kikali cha 0 255 0 kitatoka kimefifia hata mashine iwe nzuri namna gani. Kwa kazi ya karatasi, chapa kwanza paleti yako yote kwenye ukurasa mmoja, kwa mashine na karatasi zile zile zitakazotumika, kila kiboksi kikiwa na nambari yake chini. Mteja achague kwa kuutazama ukurasa huo mchana, karibu na dirisha.